Utabibu wa Ayurveda na Yoga, na Khabari Zake Katika Unguja



Katika nyumba nyingi za Unguja, mwanamke ajifunguapo hufanyiwa mambo ambayo bibi zetu hawakuyasoma kitabuni. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, na hupewa uji wenye pilipili manga. Ukimwuliza mkunga sababu, atakujibu kwamba mzazi ana baridi, na sharti apate joto mpaka arubaini yake iishe.

Basi tazameni jambo hili. Kiko kitabu cha Bara Hindi kilichoandikwa kwa Kisanskriti, jina lake Charaka Samhita, nacho kimekwisha pita miaka 1500. Ndani yake yamo maagizo ya kumtunza mzazi. Apakwe samli na mafuta tumboni, kisha afungwe kwa kitambaa kikubwa; amwagiwe maji ya moto asubuhi na jioni; apewe uji wa mchele uliotiwa viungo vikali, navyo ni tangawizi na pilipili ya jamii moja na pilipili manga yetu. Na sababu imetajwa wazi: mtoto akisha kutoka, tumbo hubaki na nafasi, na upepo usipozuiliwa huingia na kuleta maradhi.

Upepo huo ndio mlango wa elimu nzima. Ayurveda maana yake ni elimu ya maisha. Wenye elimu hiyo husema kwamba mwili huendeshwa na mambo matatu: vata, yaani upepo, pitta, ambayo ni nyongo, na kapha, ambayo ni belghamu. Yakilingana, mtu ni mzima. Moja likizidi, huugua, na tabibu humrudisha katika kipimo kwa chakula, mafuta, mitishamba na mwendo wa siku zake. Msikilizaji wa pwani hataona ugeni mkubwa hapa, maana Wayunani nao walihesabu manne, na Waarabu wakayapokea: damu, belghamu, safura na sauda. Maneno hayo twayatumia hata leo, ijapokuwa safura kwetu imekuwa jina la ugonjwa.

Na yoga je? Wengi hudhani kwamba ni kujipinda viungo tu. Neno lenyewe lina asili moja na nira ifungwayo shingoni mwa ng'ombe, na kusudi lake ni kuifunga nafsi isitangetange. Yoga na Ayurveda zimekunywa katika kisima kimoja cha falsafa, kiitwacho Samkhya, na Charaka Samhita yenyewe, katika sehemu ielezayo mwili, inaitaja yoga kuwa ni njia ya kukomesha maumivu. Kitabu kingine cha karne ya 15, Hatha Yoga Pradipika, chaonyesha undugu huo kwa uwazi zaidi. Chasema kwamba mtu mwenye mafuta mengi na belghamu nyingi ajisafishe kwanza kwa njia sita kabla ya kujifunza kuzuia pumzi. Ama yule ambaye mambo yake matatu yamelingana, hana haja ya kazi hiyo. Yaani mwalimu wa yoga hapa ameazima mizani ya tabibu.

Elimu hizi hazikukaa kwao. Mwaka 850 Ali bin Sahl al-Tabari alimaliza kitabu chake cha Kiarabu, Firdaws al-Hikma, akaweka ndani yake fungu zima juu ya utabibu wa Kihindi. Na mapema katika karne ya 11, al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali. Huku kwetu, vyombo kutoka Kutch vilifika kwa kaskazi vikirudi kwa kusi, na tangu zama za Sayyid Said bin Sultan Wahindi walizidi kukaa Mjini.

Je, ndio kusema kwamba mkaja ulitoka India? Mimi sithubutu kusema hivyo. Wanawake wa nchi nyingi hufunga tumbo baada ya kuzaa, na khabari za moto na baridi zaweza kuwa zilitujia kwa Waarabu. Lakini wapishi wa Kihindi na wa Kiswahili wamenunua mvuje, manjano na tangawizi katika maduka yale yale, na jikoni hakuna mlinzi wa mipaka.

Dawa ya chupani ni jambo jingine. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutiwa madini kwa makusudi, na zebaki ni mojawapo. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba dawa 70 za namna hiyo zilizouzwa madukani Boston, Marekani, zimepimwa, na 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Anunuaye na aulize kwanza kilichomo. Na mzazi atokwaye na damu nyingi, au ashikwaye na homa, asingojee uji wala mkaja. Na apelekwe hospitali usiku ule ule.