Ugomvi wa gundi chini ya reli ndogo

Tarehe 27 Septemba 2025, Uingereza ilipokuwa ikiadhimisha miaka 200 ya reli ya Stockton na Darlington kwa hotuba na tarumbeta, mimi nilikuwa katika ukumbi wa kanisa mjini Leicester nikikemewa na mzee wa miaka 82.

"Usiguse, bwana mdogo. Bado haijashika."

Nilikuwa nimenyoosha kidole niguse kokoto. Kokoto zenyewe ni ndogo kama chembe za sukari, zimetandazwa kati ya reli mbili zilizoachana milimita 12, na juu yake mzee alikuwa akidondosha maji meupe kama tui kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tone moja, anasubiri linywewe, kisha jingine.

Mzee, ambaye hakutaka jina lake litoke gazetini, alizaliwa Mombasa, mjukuu wa fundi chuma aliyeletwa kutoka Punjab kujenga reli. Alifanya kazi karakana ya Nairobi kabla ya kuhamia huku, na Kiswahili chake bado kinanuka mafuta ya injini. Anachojenga mezani ni kipande cha njia karibu na Voi. Rafu zake zimejaa majarida ya wapenzi wa reli ndogo, mengine ya Model Railway News, lililoanza mwaka 1925. Mengi ninayoyaandika yametoka kwenye rafu hizo na kinywani mwake, na msomaji ajue mapema kwamba mzee ana upande.

Wapwani wana neno farumi: mawe yanayotiwa tumboni mwa jahazi lisilo na shehena ili lisipinduke. Waingereza hutumia neno moja kwa farumi ya chombo na kwa kokoto za reli. Husimuliwa kwamba meli za makaa zilizorudi tupu mto Tyne zilimwaga farumi bandarini, na mawe hayo yakaishia chini ya njia za mabehewa. Sisi tuliiacha farumi baharini, reli tukaipa kokoto tu.

Kwenye reli ya kweli kokoto hazihitaji gundi. Zina kingo kali, zinaumana. Uzito wa treni unazishindilia, mvua inapita katikati, taruma halisogei. Mezani kila kitu kinakwenda kinyume. Injini ina uzito wa chungwa, hakuna mvua, na kokoto hazibebi chochote. Zipo kwa ajili ya macho. Kwa hiyo kazi yote ambayo kule inafanywa na uzito, huku inafanywa na gundi, na gundi hiyo isionekane. Ukiiona umeharibu.

Mwanzoni hakuna aliyejisumbua. Frank Hornby wa Liverpool alipoanza kuuza treni za bati mwaka 1920, reli zilikaa juu ya mataruma ya bati na chini yake ni zulia la sebuleni. Hornby Dublo ya mwaka 1938 ilikuja na njia iliyokaa juu ya kitako cha bati, na kwenye bati hilo kokoto zilikuwa zimechapwa kwa rangi, kama maua kwenye sinia. Märklin wa Ujerumani nao walifanya hivyo. Watoto waliridhika.

Waliokataa ni watu wazima. John Ahern, aliyeanza kujenga Madder Valley Railway katika miaka ya 1930, alitaka reli ionekane imepita mahali palipo na vijiji na madaraja. Roye England, Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925, alikwenda mbali zaidi: makumbusho yake ya Pendon, kijijini Long Wittenham, yana nyumba za kijiji zilizojengwa kwa karatasi ngumu zikiwa na kila kigae chake. Leo kazi ya Ahern nayo imehifadhiwa hapo. Ukishaweka nyumba kama hizo kando ya njia, bati lililochorwa kokoto linakuwa aibu.

Ndipo msako wa kokoto ndogo ulipoanza. Hesabu ni rahisi lakini inaumiza. Jiwe la reli lina upana wa milimita 50 hivi. Ligawanye kwa 76, ambacho ndicho kipimo cha Waingereza wengi, unapata theluthi mbili za milimita. Changarawe ya bustani inageuka majabali. Watu wakachekecha mchanga kwa vichujio vya chai vya wake zao, wakasaga vizibo, wakatumia majivu ya makaa kwa njia za pembeni (jambo ambalo reli yenyewe ilikuwa ikilifanya). Baadaye zikaja pakiti za dukani: matale yaliyosagwa na, kutoka Marekani, Woodland Scenics wakauza maganda ya jozi yaliyosagwa na kutiwa rangi. Peco, kampuni iliyoanzishwa na Sydney Pritchard mwaka 1946, ilitoa vipande vya sponji vilivyokatwa ili mataruma yakae ndani yake. Sponji ni safi na ya haraka, lakini miaka ikipita huchoka na kuanza kuvunjika vumbi vidoleni. Mzee aliwahi kuzoa ya rafiki yake kwa kijiko.

Sasa tufike kwenye gundi, maana hapa ndipo mzee alipovuta kiti akakaa.

Gundi nyeupe ya maseremala ina asili Ujerumani, ambako mkemia Fritz Klatte aligundua kiini chake mwaka 1912. Wapenzi wa reli walipoipata waliona neema. Unatandaza kokoto kavu, unazisawazisha kwa brashi laini, unagonga reli kidogo kwa kijiko ili chembe zilizopanda juu ya mataruma zishuke. Unanyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, tone la gundi linakaa juu kama tone la mvua juu ya jani la mgomba, kisha linabingirika na kuchimba shimo. Halafu unadondosha gundi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Kesho yake ni jiwe.

"Na hilo ndilo tatizo," alisema mzee. "Ni jiwe."

Watu hutandika utando wa kizibo chini ya njia ili treni isipige kelele. Gundi nyeupe ikishuka kando ya kizibo na kukauka, inaunganisha reli na ubao moja kwa moja, na meza nzima inavuma kama ngoma. Kambi ya pili ikaja na Copydex, gundi ya utomvu wa mpira ambayo Mwingereza yeyote aliyesoma shule ya msingi anaikumbuka kwa pua kabla ya macho, kwa sababu ya amonia: chumba kinanuka samaki aliyevunda. Lakini ikikauka inabaki na mnyumbuko, na treni inapita kimya. Kambi ya kwanza hujibu kwamba gundi nyeupe ukiilowesha inalegea, kokoto unazikusanya, njia unaing'oa salama. Ya pili hujibu kwamba yao inabanduka kama ganda la yai. Wengine wanalalamika kuwa gundi nyeupe ilizigeuza kokoto zao za matale rangi ya kijani. Wengine kwamba maganda ya jozi huelea gundi inapomiminwa, ukaamka asubuhi ukakuta njia yako imehama. Mzee ni wa Copydex. Alinisimulia urafiki uliovunjika kwa jambo hili, na hakucheka aliposimulia.

Kosa lake mwenyewe alilihifadhi mwisho. Kwa njia ya Voi hakutaka kijivu cha Kiingereza. Wekundu aliupata kwa kutwanga tofali na kulichekecha, lakini chembe ngumu alizitaka za nyumbani, akamwandikia nduguye ampelekee chupa ya mchanga wa Malindi. Mchanga ukafika, ukang'aa, akautandaza mita mbili nzima. Siku ya tatu injini yake ya Garratt ikasimama. Alipoifungua, sumaku ya mota ilikuwa imeota manyoya meusi. Mchanga wa pwani ile una madini mazito, na miongoni mwa chembe nyeusi zimo zinazofuata sumaku. Tangu siku hiyo hapitishi kokoto mezani kabla hajazipitia na sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Na mchanga wa bahari huuosha mara tatu, chumvi isile reli.

Injini hiyo aliijenga mwenyewe kwa shaba, mfano wa zile 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, tani 252 kila moja. Mojawapo, Mount Gelai, bado imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nimekwenda mara nyingi, na sijaona pale meza moja inayomwonyesha mtoto jinsi njia yenyewe ilivyokuwa: mataruma ya chuma yaliyochaguliwa kwa kuogopa mchwa, kokoto zilizopakwa wekundu na vumbi la Tsavo. Kwenye njia nyingi za zamani kokoto zimemezwa na majani. Mtu anayejua rangi yake anaishi Leicester na anaitafuta kwa kutwanga tofali.

Kwa reli ndogo, tangu miaka ya 1990 hakuna mengi mapya. Märklin walileta mwaka 1996 njia yenye kokoto za plastiki zilizoshikamana nayo, unabana vipande tu. Miniatur Wunderland ya Hamburg ilifunguliwa mwaka 2001 na kuvuta umati wa dunia. Vijana wanachapa nyumba kwa mashine.

Saa kumi mzee aliamua kunionyesha. Aligusa kokoto za kituoni alizozimwagia gundi juzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akawasha umeme. Garratt ikaja taratibu, bila sauti kweli, ikafika pale njia zinapogawanyika, ikapanda juu ya reli na kulala ubavu. Mzee akainama na miwani yake. Ulimi wa reli unaohama ulikuwa umeganda, umeshikwa na tone moja la Copydex.

"Nipe kisu," akasema. "Na hilo usiliandike."