Jaribio likifeli, usikimbilie kulibadilisha

Wanalinux, mnakumbuka mwaka wa 2012? Kabla ya hapo, mtumiaji yeyote wa Linux aliweza kuipa faili isiyo yake jina la pili, yaani kiungo kigumu, mradi tu aruhusiwe kuandika kwenye saraka yake mwenyewe na zote ziwe kwenye sehemu moja ya diski. Kumbe huo ulikuwa mlango wa wezi! Mtu anaipa jina la pili programu ya root yenye setuid. Msimamizi anaweka toleo jipya lililozibwa tundu, lakini lile bovu linabaki hai kwa jina la pili.

Linux 3.6, Septemba 2012, ikafunga mlango: faili si yako, na huna ruhusa ya kuisoma na kuiandika? Hupati kiungo. Jaribio lililotarajia kufaulu hapo sasa lingepata EPERM.

Rahisi basi, badilisha jibu linalotarajiwa? Ngoja kwanza. Kuna programu ya watu iliyovunjika, na toleo la 3.7, Desemba mwaka huohuo, likauacha ulinzi huo ukiwa umezimwa. Debian na Ubuntu wakauwasha wenyewe.

Ndiyo maana jaribio zuri husoma kwanza /proc/sys/fs/protected_hardlinks. Ikiwa 0, litarajie kufaulu. Ikiwa 1, kukataliwa. Tena liendeshwe na mtumiaji wa kawaida, maana root hupita tu.

Kabla hujagusa jaribio, jiulize: sheria imebadilika, ama nimemvunjia mtu programu yake?