Mkono Juu ya Kichwa

Mjukuu wetu alipotimiza miaka mitano, zamu yake ya kwenda chekechea iliwadia. Sisi wa zamani tuliiita shule ya vidudu, jina ambalo naona lilikuwa na mapenzi zaidi, ingawa walimu wa siku hizi hawalifurahii. Wazazi wake wako kazini Mwanza, naye analelewa hapa Tabora na mimi pamoja na dada yangu. Kununua vitu hakukutusumbua: sare, viatu, madaftari mawili, penseli, ufutio na kikombe cha uji. Kilichotusumbua ni mtoto mwenyewe. Kila alipoulizwa kama yuko tayari alijibu kwamba yuko tayari, ila bibi aende naye na wakae dawati moja.

Nikitafakari jambo hilo barazani, nilikumbuka kwamba mji huu umewaandaa watoto kuondoka nyumbani tangu kabla ya kuwapo shule yoyote. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wa miaka 6 au 7 walikwisha kuanza kubeba pembe ndogo ndogo mabegani. Simwamini Burton kwa kila neno, maana alikuwa mwingi wa dharau kwa wenyeji, lakini hili naona tabu kulikataa. Mtu mzima alijitwika kilo 30 na zaidi akaenda nazo mpaka pwani, mwendo wa miezi miwili hata mitatu. Bega halizaliwi likiwa tayari kwa kazi ya namna hiyo. Lazima lizoezwe, na yaelekea wazee wetu walianza na mzigo ambao mtoto angeweza kuucheza.

Misafara hiyo ilikuwa na desturi nyingine iliyonipendeza zaidi. Siku ya kwanza haikuwa na safari ndefu. Watu walitoka kwa ngoma na bendera, wakaagwa kwa vifijo, kisha wakapiga kambi karibu kiasi kwamba aliyesahau kitu aliweza kurudi kukichukua. Mizigo ilipangwa upya, miguu ikazoea, na aliyekuwa na moyo mzito akaonekana mapema.

Basi nasi tukafanya vivyo hivyo. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa tulimpeleka mtoto mpaka kwenye mwembe wa njia panda, tukarudi. Kesho yake tukafika getini. Siku ya tatu akachungulia darasa dirishani, akayahesabu madawati, akatangaza kwamba la bibi amekwisha kuliona. Nilimweleza dada kwa fahari kwamba hii ni hekima ya misafara. Akanijibu kuwa hata mbuzi mgeni huzoeshwa hivyo, wala hakuhitaji kitabu kulijua hilo.

Hata hivyo siwezi kuisifu njia ile bila kusita. Njia hiyo hiyo ilipitisha watoto ambao hakuna aliyewaandaa kwa lolote, waliotekwa huko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na kwingineko, wakafika Ujiji na Tabora wakiwa bidhaa. Waliondoka nyumbani usiku mmoja, bila kambi ya karibu ya kurudia. Nikipita Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley na ambako wageni hupelekwa kutazama tembe, hao ndio wanaonijia akilini kwanza.

Shule ilipokuja, nayo ilichagua watu wake. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa miaka ya 1920, hasa kwa ajili ya wana wa machifu. Mwalimu Nyerere, ambaye baba yake alikuwa chifu wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937. Masomo alikuwa ameyaanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12. Chekechea hakuijua. Siku hizo mtoto aliandaliwa kwa kuchunga mifugo na kusikiliza wazee.

Zamu yetu ilifika mwaka 1965. Mimi na dada ni pacha. Yeye alitangulia, kwa hiyo kwa desturi ya kwetu yeye ni Kulwa nami ni Doto. Vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo, kama wengi wa rika letu, na umri ulipimwa kwa mwili: mkono wa kulia unapitishwa juu ya kichwa kushika sikio la kushoto. Kipimo hicho kilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kuliko urefu wa mkono wake. Lakini kilipima mifupa tu. Mimi nilishika sikio. Dada, aliyekuwa mdogo wa umbo, alikosa kwa kidole kimoja. Tulizaliwa usiku mmoja, mama akalisema hilo mara tatu, na mwalimu akamwambia amrudishe mwaka ujao. Mwaka uliofuata mama aliugua, na wa kubaki nyumbani akawa yeye. Kusoma alikuja kujifunza katika madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima, miaka ya sabini, akiwa msichana mkubwa. Mimi nimestaafu ualimu. Jambo hili hatujawahi kulizungumza kwa kirefu.

Mambo yamebadilika. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliitambua rasmi elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6, na ile ya 2014 ikataka kila mtoto aipate kwa mwaka usiopungua mmoja. Wanachodai getini siku hizi ni cheti.

Asubuhi yenyewe dada aliamka kabla yangu. Alimpaka mtoto mafuta, akamvisha, akamfunga viatu. Kisha akamsimamisha mlangoni, akamwambia, "Hebu shika sikio." Mtoto akacheka, akapitisha mkono juu ya kichwa, vidole vikaishia kwenye nywele.

"Haujafika," dada akasema. Akamshika mkono huo huo. "Haya, twende."