Mona Hanna-Attisha

Mona Hanna-Attisha (alizaliwa 1976, Sheffield, Uingereza) ni daktari bingwa wa watoto nchini Marekani, mwenye asili ya Iraq. Alipata ubingwa katika hospitali ya watoto mjini Detroit. Mafunzo ya ubingwa huo Marekani huchukua miaka 3 baada ya shahada ya udaktari, na utetezi wa afya ya mtoto nje ya wodi ni sehemu ya mtaala.

Alikuwa msimamizi wa mafunzo hayo katika Hospitali ya Hurley, Flint, pale mji huo ulipoacha maji ya Detroit mwezi Aprili 2014 na kuanza kusukuma ya Mto Flint ili kubana matumizi. Dawa ya kuzuia kutu haikutiwa, mabomba yakalika, madini ya risasi yakaingia majini. Na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Hanna-Attisha alipekua kumbukumbu za vipimo vya damu: watoto wa chini ya miaka 5 waliozidi kiwango cha risasi walikuwa wamepanda kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9. Alitangaza matokeo Septemba 2015, kabla ya kuchapisha katika jarida lolote, jambo ambalo watafiti wengi hulikwepa. Maofisa wa jimbo walimpinga hadharani, kisha wakakiri kwamba takwimu zake ni sahihi. Oktoba, Flint ilirudishiwa maji ya Detroit.

Tangu Januari 2024 anaongoza Rx Kids, mpango unaowapa wajawazito wa Flint dola 1,500, kisha 500 kila mwezi hadi mtoto atimize mwaka.