Kuvuta gari la 4x4 lililobadilishwa: mambo ya kujua kabla ya kuondoka Rubavu

Katika barabara za udongo na mawe ya volkano za sekta ya Cyanzarwe, wilaya ya Rubavu, magari ya magurudumu manne hubeba wagonjwa, dawa, bidhaa na wafanyakazi. Baadhi yamebadilishwa: yameinuliwa springi, yamefungwa matairi makubwa, ngao ya mbele, winchi, keria, tangi la pili la mafuta au kitanda cha mgonjwa. Likiharibika na kushindikana kutengenezwa hapa, gari hupelekwa Musanze, takriban kilomita 60, au Kigali, takriban kilomita 150. Mwongozo huu ni wa madereva, mafundi na wakazi, wakimbizi na wenyeji, ambao mara nyingi ndio wanaoitwa kusaidia.

Uliza kwanza: ni nini kilichobadilishwa?

Kitabu cha gari kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Kama fundi alibadilisha giaboksi, difu au vifungio vya magurudumu ya mbele, maelekezo ya kitabu huenda hayafai tena. Muulize mwenye gari au fundi aliyelifanyia kazi maswali matatu:

- Je, magurudumu yote manne huendeshwa na injini wakati wote, au ni mpaka dereva aweke gia ya 4x4?
- Je, magurudumu ya mbele yana vifungio vinavyoweza kufunguliwa kwa mkono?
- Uzito ulioongezwa ni kiasi gani, na uko wapi?

Ukikosa majibu, usilivute kwa magurudumu yake. Tafuta lori.

Njia salama kwa safari ndefu: lipandishe kwenye lori

Gari likiwa juu ya lori la kubebea magari, magurudumu yake hayazunguki, hivyo giaboksi na difu haziharibiki. Zingatia haya:

- Shusha mizigo ya keria. Kwenye gari la wagonjwa, ondoa mitungi ya oksijeni na uisafirishe kando.
- Pima urefu kutoka barabarani hadi sehemu ya juu kabisa ya gari likiwa juu ya lori. Gari lililoinuliwa linaweza kugusa nyaya za umeme. Laza antena ya redio.
- Funga mikanda kwenye magurudumu au ekseli, pande zote nne. Ukifunga bodi peke yake, springi ndefu zitacheza na mikanda italegea.
- Vuta breki ya mkono, weka gia, na zuia magurudumu kwa vigingi.
- Simama baada ya kilomita chache za kwanza ukague mikanda. Kagua tena kila unapopumzika.

Kama hakuna lori

Kuvuta kwa magurudumu kuwe kwa umbali mfupi tu, mpaka mahali salama au gereji ya karibu.

Gari ambalo huwekwa 4x4 na dereva: rudisha kwenye magurudumu mawili, fungua vifungio vya mbele, weka gia huru. Hata hivyo magurudumu ya nyuma yataendelea kuzungusha shafti, na kwenye baadhi ya giaboksi mafuta hayasambai vizuri injini ikiwa imezimwa. Ndiyo maana mafundi huondoa shafti ya nyuma kabla ya kuvuta mbali. Iwekeeni alama ili irudishwe ilivyokuwa.

Gari ambalo magurudumu yote huendeshwa wakati wote: usiinue magurudumu mawili na kuacha mawili yakizunguka barabarani. Difu ya katikati inaweza kuungua, au gari kuruka kutoka kwenye kifaa kilicholiinua.

Tumia chuma cha kuvutia, si kamba, kama kipo. Chuma hakilegei, hivyo gari la nyuma haliwezi kugonga la mbele kirahisi. Kifunge kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi. Usifunge kwenye ngao, bampa au ekseli. Gari linalovuta liwe zito kuliko linalovutwa, na uhesabu uzito wa vitu vilivyoongezwa.

Injini ikizimwa, breki na usukani huwa vizito sana. Anayeshika usukani awe dereva mzoefu, na ufunguo uwe umegeuzwa ili usukani usijifunge. Kama breki hazifanyi kazi, usivute kwa kamba hata mita moja.

Miteremko

Barabara ya Rubavu hadi Kigali ina milima na kona kali, hasa Buranga na mteremko wa Shyorongi kuelekea mto Nyabarongo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizuia huongezeka mara nne. Kwa kamba, usipite sehemu kama hizo. Mahali pengine usizidi kilomita 30 kwa saa. Teremka kwa gia ndogo, usitegemee breki peke yake. Usivute usiku, wakati wa ukungu au mvua.

Usalama wa watu

- Watoto na watazamaji wakae mbali na kamba, angalau mara moja na nusu ya urefu wake. Kamba au ndoano ikikatika hurushwa kwa nguvu ya kuua.
- Tandika blanketi zito katikati ya kamba ili ikikatika isiruke juu.
- Mtu yeyote asiruke au kuvuka kamba, hata magari yakiwa yamesimama.
- Ndani ya gari linalovutwa akae dereva peke yake. Juu ya lori, asikae mtu ndani ya gari lililobebwa.
- Mgonjwa asisafirishwe kamwe katika gari linalovutwa. Piga 912 kuomba ambulensi nyingine.
- Washa taa za tahadhari kwenye magari yote mawili. Mkisimama, wekeni pembetatu ya tahadhari nyuma, mbali kiasi cha dereva anayekuja kupata nafasi ya kusimama.

Ukiombwa kusukuma au kufunga kamba, una haki ya kuuliza kama breki zinafanya kazi na kamba imefungwa wapi. Kama hakuna anayejua, kataa. Gari linaweza kusubiri lori hadi kesho.

Namba za dharura nchini Rwanda: Polisi 112, ajali za barabarani 113, ambulensi 912.