STRONTIAMU: MADINI YANAYOUDANGANYA MFUPA (Mifupa yetu, sehemu ya 3)

Baada ya ile sehemu ya kalsiamu, kuna dada aliniuliza: mama yake kavunjika mkono kwa kuteleza tu, kaona mtandaoni vidonge vya strontiamu, anunue? Halafu akaongeza, "Si ndo ile ya mabomu ya nyuklia?" Dada, ni elementi ile ile. Tofauti ni kwamba ile ya mabomu ina mionzi, ya vidonge haina. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Jina limetoka Strontian, kijiji cha Scotland chenye migodi ya risasi. Mwaka 1790 daktari Adair Crawford aliona kwamba jiwe la pale lina kitu kipya, na 1808 Humphry Davy akakitenga kwa umeme.

Sasa, strontiamu ni ndugu wa kalsiamu. Mfupa unaipokea kama kalsiamu, unaijenga ndani yake. Ndo maana watu waliiogopa. Miaka ya 1950 mabomu yalijaribiwa hewani, vumbi lenye strontiamu-90 likaanguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Mwaka 1958 huko St. Louis, Marekani, Dkt. Louise Reiss na wenzake walianza kukusanya meno ya utoto. Sisi tulikuwa tunayarusha juu ya bati; wale waliyatuma maabara wakapewa beji! Yalifika kama 320,000, na yalionyesha strontiamu ikipanda kadiri majaribio yalivyoongezeka. Mwaka 1963 mataifa makubwa yakasaini kuacha majaribio ya hewani.

Lakini kumbe 1959, hofu ikiwa bado moto, madaktari wa Mayo Clinic walikuwa wameshawapa strontiamu isiyo na mionzi wagonjwa 32 wenye mifupa dhaifu, na wengi walisema maumivu yamepungua. Wazo likalala miaka mingi.

Mwaka 2004 likaamka Ulaya: strontiamu raneleti, unga wa gramu 2 unaokorogwa kwenye maji wakati wa kulala. Sio na maziwa, maana kalsiamu na strontiamu zinagombania mlango mmoja. Katika utafiti wa wanawake 1,649 waliokoma hedhi, kuvunjika kwa pingili za mgongo kulipungua kwa asilimia 41 ndani ya miaka mitatu. Hata kipimo cha uzito wa mfupa kilipanda, ingawa hapo tahadhari: strontiamu ni nzito kuliko kalsiamu, kwa hiyo sehemu ya ongezeko ni mashine nayo kudanganywa.

Halafu moyo ukaanza kulalamika. Tafiti zilipojumlishwa, waliopata shambulio la moyo walikuwa 17 kati ya kila 1,000 waliotumia dawa, na 11 kati ya 1,000 waliopewa unga usio na dawa. Damu kuganda kwenye mishipa nako kuliongezeka. Mwaka 2013 na 2014 Ulaya ikabana matumizi: mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye presha isiyodhibitiwa, asiguse. Mwaka 2017 kampuni ikaacha kuitengeneza.

Wahandisi wa tishu wao wakajiuliza: kwa nini tuipitishe kwenye damu yote wakati shida iko sehemu moja? Kulikuwa na kioo cha Larry Hench wa Florida. Mwaka 1967, ndani ya basi, kanali aliyetoka Vietnam alimwomba kitu ambacho mwili hautakikataa, askari wasiendelee kukatwa miguu. Kufikia 1969 kioo chake kilikuwa kinashikana na mfupa wa panya. Baadaye watafiti wa Imperial College London walitoa kalsiamu ya kioo kama hicho, wakaweka strontiamu mahali pake. Kinayeyuka polepole palipovunjika, na maabara ilionyesha seli zinazojenga mfupa zikichangamka na zinazoubomoa zikipungua kasi. Tena kwenye eksirei kinaonekana vizuri.

Kwa hiyo dada, vile vidonge vya mtandaoni ni vya kumeza, vinapita kwenye damu yote, na aina yake mara nyingi si ile iliyofanyiwa utafiti. Umeniambia mama ana presha. Usimnunulie. Mpeleke apimwe mifupa, na daktari wake wa presha ajue kila anachomeza.