Stimpanki: mavazi ya wakati wa meli za mvuke

Kofia ndefu nyeusi, koti la zamani lenye vifungo vya shaba, miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchoma vyuma. Picha kama hizo zikionekana kwenye simu, kuna wazazi wanauliza kama ni mambo ya uchawi. Hapana, ni mtindo wa kuvaa.

Jina stimpanki lilitolewa 1987 na mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, juu ya hadithi zinazowaza dunia ambamo mashini za mvuke za karne ya 19 hazikuisha. Wasomaji wakaanza kuvaa kama watu wa hadithi hizo. Gothiki, yaani nguo nyeusi na misalaba, ilitoka kwa wapenda muziki wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970. Siku hizi wengine wanachanganya zote mbili.

Mtu wa ziwa Tanganyika hawezi kushangaa sana. Liemba ni stimpanki ya kweli: ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya masanduku hadi Kigoma, ikateremshwa majini 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916. Waingereza wakaiinua 1924, na ikarudi kazini 1927, bado kwa mvuke. Mashini ya mazutu ilikuja miaka ya 1970.

Kwa upande wa mavazi, aliye karibu zaidi ni Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayetengeneza miwani kwa vyuma na takataka alizookota. Nasi tuna Sape. Mobutu alipokataza kostimu na kravati, akitaka abakosti, Papa Wemba na wenzake walivaa za Ulaya bila woga. Katazo liliondolewa 1990. Ni roho ileile, ila msapeli anatafuta nguo ya bei, wa stimpanki anashona yake mwenyewe.

Hapa Fizi kuna jambo moja la kuangalia. Mtindo huu unapenda buti na makoti ya kiaskari. Kwenye barriere, raia aliyevaa hivyo anaweza kuchukuliwa kuwa mtu wa kundi fulani, na maelezo ya mode hayatasikilizwa. Anayependa aanze na saa iliyokufa, vyuma vya baiskeli na koti jeusi la mitumba. Lile la kijani aliache sokoni.